Shikamoo, Mkeka

Kina mama wa kwaya waliingia wodini na vitenge vyao vya sare, chupa za chai na kichane cha ndizi mbivu, na kabla hata hawajapata pa kukaa, pampu ya mtungi wa Sekela ilianza kuchoka tena.

Atuganile aliisikia kabla hajaiona. Alikuwa fundi wa mitungi katika Hospitali ya Kyamba, Tukuyu, na fundi wa mitungi hutegemea masikio kama mpishi anavyotegemea pua. Mdundo uliokuwa ukienda sawasawa, dum, dum, kama moyo wa mama aliyelala, sasa ulikuwa unajikokota. Aliweka bisibisi chini akasogea. Nyuma ya kioo, katika maji ya uvuguvugu, mtoto njiti wa Sekela alikuwa amejikunyata, mrija ukiwa umeungwa kitovuni pake. Tumbo la mama yake lilikuwa limeshindwa kumfikisha, na mtungi ulikuwa umepewa kazi ya kummalizia safari.

"Pole, Sekela," alisema kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Pole sana, mama," wakaitikia wenzake, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyopokezana beti.

"Nimeshapoa, mama zangu." Sekela aliuinamia mtungi, akaweka kiganja kwenye kioo. "Pole mwanangu. Pole, eh? Wageni wako hawa wamekuja kukuona."

Mdundo ukazidi kupungua. Taa ya kijani ikawa njano, kisha nyekundu.

"Samahani, mama zangu," Atuganile alisema. "Naomba mtoke kwanza. Wote."

Walitoka kwa kusukumana mlangoni, kila mmoja akimwachia Sekela pole yake ya mwisho, na mwenye moyo mwema kuliko wote akarudi kumpa na fundi pole kwa kazi. Pampu ikasimama. Atuganile alifungua kifuniko cha chini, akaukata umeme, akaurudisha. Katika kimya kile alisikia mvua juu ya bati na Sekela akitafuna pindo la kitenge chake. Halafu, dum. Ikakaa kidogo. Dum.

Daktari Lusekelo alifika anahema. Alitazama vipimo, akamtazama mtoto, akamvuta Atuganile pembeni.

"Akikosa damu tena namna hii, harudi," alisema. "Nakwambia wewe, mama yake sijamwambia."

"Tumhamishie mtungi mwingine?"

"Yote ina watoto. Na hata ingekuwa mitupu, si Mkeka uleule?"

Ulikuwa Mkeka uleule. Mitungi yote ya nyanda zile iliendeshwa na Mkeka, mfumo endeshi usio na mwenyewe. Mafundi wa Afrika Mashariki waliusuka zamani, huyu akiongeza ukindu wake hapa, yule pale, na yeyote aliruhusiwa kuufungua, kuutazama ndani, kuurekebisha na kumpa jirani. Ulikuwa mwema, mwepesi na wa bure. Kila mtu aliutumia, na miaka ilivyokwenda hakubaki mtu aliyeusoma.

Kusoma kwa nini, wakati Msemaji yupo? Msemaji, sauti ya kujibu maswali, alikaa kwenye bangili ya kila mkono na tangu atengenezwe hakuwahi kusema sijui. Atuganile alikuwa amemuuliza wiki nzima. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba ni ngozi ya pampu imechakaa, aliibadilisha. Mara ya pili, ni bangili ya mama inaingilia mawimbi. Walimvua Sekela bangili yake. Mara ya tatu Msemaji alinukuu sura ya tisa ya mwongozo wa Mkeka, kwa ufasaha na kwa adabu, na Atuganile alipotaka kuiona sura hiyo alipewa anwani. Aliifungua akakuta duka la viatu.

"Nahitaji mwongozo wenyewe, Dokta," alisema sasa. "Ulioandikwa na mtu aliyeutengeneza mfumo."

"Bado kuna watu wanaandika miongozo?"

"Zamani waliandika. Lazima upo mahali."

Daktari akapangusa miwani kwa koti. "Basi utafute mbio. Mimi nitakaa hapa na hawa."

*

Karakana ya hospitali ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama migomba iliyolowa. Atuganile alichomeka waya wa kompyuta yake kwenye mtungi mbovu uliokuwa ukingoja vipuri na kuita kila alichodhani mtu mwenye akili angekipa jina. Aliandika *msaada*. Kioo kidogo kikajibu: *Amri haijulikani.* Aliandika *mwongozo*, akaandika *soma*, akaandika *maelekezo*. Amri haijulikani. Akaandika neno moja ambalo mama yake hakumlea kulisema, na hilo nalo halikujulikana.

Akaamua kuingia jikoni kwenyewe. Uzuri wa Mkeka ni kwamba haukuwa na mlango uliofungwa: msimbo wake, yaani maneno yenyewe ambayo mashine huyafuata, ulikuwa wazi mbele yake, mistari kwa maelfu. Aliupitia kama mtu anayetafuta punje ya pilipili kwenye gunia la mchele. Kwenye sehemu ya pampu alikuta mstari ambao haukuandikiwa mashine. Ulisema: *Wewe unayetaka kugusa hapa, soma mwongozo kwanza. Usiposoma utajuta, na usije kutulilia. G. Ndimbo, Songea.*

Atuganile akacheka peke yake. Wiki nzima alikuwa anasemeshwa na sauti tamu isiyojua kitu, na huyu mtu mkali wa zamani, kwa kugombeza kwake tu, alimfanya ajisikie ana mwenzake chumbani.

Kina Ndimbo wa Songea ni wengi kama mahindi. Lakini aliliweka jina kwenye kundi la mafundi, na chai aliyokuwa amejimiminia ilikuwa bado ya moto fundi mmoja wa Njombe alipojibu: huyo ni Gervas, kompyuta aliacha zamani, siku hizi anafuga samaki, namba yake hii hapa.

"Shikamoo, mzee Ndimbo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Nyuma yake maji yalikuwa yanarukaruka.

"Naitwa Atuganile, fundi wa mitungi. Napiga kutoka Tukuyu, Hospitali ya Kyamba."

"Tukuyu. Mvua inanyesha?"

"Inanyesha, mzee."

"Nilijua. Mvua ya huko haijawahi kupewa likizo. Na ndizi mmeshakula?"

"Tumekula, mzee. Nina mtoto anataka kufa."

Maji yakaacha kuruka. "Sema," alisema yule mzee, kwa sauti nyingine kabisa.

Atuganile akasema yote: pampu inayochoka, umeme anaoukata na kuurudisha, ngozi mpya, bangili. Mzee Ndimbo hakumkatiza. Alipomaliza, aliulizwa swali moja.

"Mwongozo umesoma?"

"Ndio ninaoutafuta. Mtandaoni haupo."

"Haujawahi kuwepo mtandaoni. Sisi huko vijijini mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, tungewezaje kuuweka huko? Tuliuweka ndani. Kila mtungi umezaliwa na mwongozo wake tumboni."

"Nimeuita kwa majina yote, mzee. Unaniambia amri haijulikani."

"Mimi hapa umenisalimia," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Na mtungi umeusalimia?"

Atuganile alidhani hakusikia vizuri.

"Sikiliza, mama," mzee Ndimbo alisema. "Tulikuwa vijana, tunaisuka kazi ile bila malipo, tukishatoka kwenye kazi zetu. Kila tukiamka tunakuta ujumbe. Pampu haifanyi kazi, rekebisheni. Mfumo mbovu, rekebisheni haraka. Habari za asubuhi hakuna, hamjambo hakuna. Mwenzetu mmoja, Rukia, wa Tanga, watu wa kwao unawajua kwa heshima, akachoka. Akasema asiyejua kuamkia hatujui kumsaidia. Tukacheka, tukaufunga mwongozo nyuma ya shikamoo. Tulidhani ni utani wa siku moja. Nani hapa kwetu anaingia kwa watu akaanza kuuliza maswali bila kuamkia?"

"Hakuna anayeamkia mashine, mzee."

"Hilo nimelijua leo." Sauti yake ilishuka. "Kumbe mzaha wetu umemchelewesha mtoto wa watu. Nenda, mama. Nenda upesi."

*

Alirudi wodini karibu anakimbia. Sekela alikuwa ameketi kwenye stuli, midomo inamcheza bila sauti, maana Daktari Lusekelo alikuwa amemwomba asiseme kitu wala asiguse kitu mpaka fundi arudi. Atuganile alipiga magoti, akachomeka waya, akaandika neno ambalo alikuwa amelisema kwa wakubwa zake kila siku ya maisha yake.

*Shikamoo.*

Kioo cha kompyuta kikafikiri. Halafu: *Marahaba. Karibu ukae. Unataka kujua nini?*

Mwongozo ulikuwepo wote, sura kwa sura, kwa Kiswahili cha watu walioamini kwamba atakayesoma ni binadamu mwenye haraka na shida. Waliandika *usiogope* mahali pa kuogopesha. Waliandika *hapa hata sisi hatujui kwa nini, lakini inafanya kazi*. Atuganile akaenda moja kwa moja kwenye sura ya pampu, na chini yake akakuta sehemu iliyoitwa Sikio.

*Mtungi una sikio moja, chini ya kifuniko, na sikio hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kupeleka sauti ya mama majini, kwa mtoto, ikiwa imelainishwa kama inavyosikika tumboni. Ya pili ni kupokea amri za fundi ambaye mikono yake ina kazi. Ukisema HARAKA, pampu huongeza mwendo. Ukisema POLE, hupunguza, na kila ukirudia hupunguza tena. Amri hizi ni za majaribio ya karakana. KABLA YA KUPELEKA MTUNGI WODINI, ZIMA AMRI ZA SAUTI. (Neno la kupunguza tulilibishania sana. Ndimbo alitaka TARATIBU. Alishindwa kwa kura.)*

Atuganile alikaa sakafuni, pale pale.

Hakuna neno lililosemwa wodini mle kama pole. Wauguzi walilisema wakiingia. Wageni walilisema kabla ya jina la mgonjwa. Yeye mwenyewe kila asubuhi alimpa Sekela pole yake na kwenda kuhangaika na pampu, na pampu ilipozidi kuchoka, wote waliokuwepo walifanya kile ambacho mtu wa kwao yeyote angefanya: walisema pole zaidi. Na Sekela, aliyekaa karibu kuliko wote, alikuwa analisema tangu jua linachomoza.

Aliandika amri ya kuzima, kama mwongozo ulivyomwelekeza, kazi ya pili peke yake. Kisha akasogeza mdomo kwenye kifuniko.

"Pole," alinong'ona.

Dum, dum.

"Pole. Pole sana. Pole kwa yote."

Dum, dum, dum, bila kutetereka. Atuganile akaweka paji la uso kwenye kioo, akalia kwa furaha bila kujificha, na aliposimama alikwenda nje kupiga simu, maana alikumbuka kwamba alikuwa amemkatia mzee bila hata kumuaga.

"Amepona?" mzee Ndimbo aliuliza kabla ya salamu, yeye aliyefunga mwongozo kwa salamu.

"Pampu imepona. Mtoto atapona. Nimepiga kusema asante, mzee. Mliandika. Mngeweza kutoandika."

Alimsikia akivuta pumzi. "Asante hiyo ni kubwa, siwezi kuila peke yangu," alisema mwishowe. "Tulikuwa wengi. Nitawapigia walio hai. Rukia hasikii vizuri siku hizi, nitampigia makelele. Na nitamkumbusha ile kura."

*

Daktari Lusekelo alisoma ile sehemu mara mbili, akiwa amesimama. Akaizima kompyuta ya Atuganile kwa mkono wake mwenyewe.

"Tumshukuru Mungu, na tuishie hapo," alisema. "Sekela mwambie ilikuwa waya."

"Haikuwa waya."

"Atuganile. Unataka kwenda kumwambia mama kwamba kila alipomfariji mwanawe alikuwa anamkaba?"

Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akikaa na kina mama pale mambo yalipoharibika, akiwashika mikono wakati mafundi wamekwisha kuondoka na vifaa vyao, na alijua anachokiogopa.

"Kuna mitungi kila mahali," Atuganile alisema. "Hivi tunavyoongea, kuna mahali wageni wanaingia."

"Basi waambie mafundi wenzako wazime. Kwa nini, usiwaambie."

"Nimeshawaambia wazime, hilo halikungoja. Lakini mtu asiyeambiwa sababu atazima leo, kesho atafungua. Haya yote yametokea kwa sababu watu walipokea mtungi bila kupokea maelezo yake. Na mimi Mkeka nimeukuta umesukwa, Dokta. Nikijua pameoza wapi nikanyamaza, nimeukalia bure. Nitaiandika sababu kwenye mwongozo wenyewe, niutume kwa mafundi wote."

"Kuna mwanamke huko," Daktari alisema taratibu, "ambaye alizika. Mtungi ulisimama, akaambiwa ni bahati mbaya. Amekwisha kuanza kulala. Ukiandika, siku moja atasoma, au atasomewa. Huyo utamwambia nini?"



"Sijui," Atuganile alisema. "Ninachojua ni kwamba Sekela atakuwa wa kwanza kusikia, kabla sijaandika. Habari ni yake."

*

Alivuta stuli, akakaa karibu na Sekela, akamweleza kwa maneno mepesi bila kupunguza kitu. Alieleza sikio. Alieleza neno. Sekela alimsikiliza huku ametazama mikono yake.

"Kwa hiyo lilikuwa neno langu," alisema.

"Lilikuwa sikio lililoachwa wazi. Sisi mafundi ndio tulioliacha, kwa kutosoma."

"Lakini neno lilikuwa langu."

"Ndiyo, dada. Na langu, na la kila aliyeingia humu."

Sekela alitikisa kichwa polepole. Machozi yalianza, akayaacha yashuke. Atuganile aliwaza pengine Daktari alikuwa sahihi, pengine ingetosha kusema waya, na alitamani sana mtu mwingine awe amekalia ile stuli.

"Umesema sikio lina kazi mbili," Sekela alisema ghafla. "Hii ni ya pili. Ya kwanza ulisema nini?"

"Kupeleka sauti yako ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwake. Kwenye maji."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Hiyo kazi sijaizima."

Sekela alimgeukia. "Mimi niliambiwa kioo ni kizito. Nilikuwa naongea tu, kama mtu anavyoongea na kaburi. Unaniambia alikuwa ananisikia?"

"Kila siku."

"Nilipomwimbia?"

"Alisikia."

"Nilipomweleza baba yake yuko wapi?"

"Yote, dada."

"Na niliyoyasema juu ya mama mkwe?"

"Hayo nayo," alisema Atuganile, na Sekela akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka, au anacheka na kulia kwa pamoja. Alipojifunua, aliinamia mtungi. Alifungua mdomo, akasita. Neno lilikuwa limemfika kwenye ulimi na hakuthubutu kulitoa.

"Sema tu," Atuganile alimwambia. "Nimezima."

Sekela alifikiri. Halafu akaliacha lile neno na kuchukua lingine la nyumbani kwao, ambalo Mkeka haukuwahi kufundishwa, neno ambalo Wanyakyusa hushukuru nalo na hufariji nalo.

"Ndaga," alimwambia mwanawe. "Ndaga fijo."

Ndani ya maji, mguu mdogo ulijinyoosha. Wakautazama mpaka ukatulia.

"Daktari anaogopa nikiandika," Atuganile alisema. "Kuna mama mahali, aliyezika. Anasema nitamwambia nini huyo, na mimi sijui."

Sekela hakungoja hata kidogo.

"Mwambie mtoto wake alimsikia," alisema. "Mimi ndicho ningetaka kujua, hata kama nisingekuwa na kingine. Hilo liwe la kwanza. Hayo mengine yafuate."

Atuganile alichukua kompyuta, akausalimia mtungi, na mtungi ukaitikia. Akaifungua ile sehemu ya Sikio. Sasa alijua aanzie wapi, akaandika juu kabisa, kabla ya maonyo, mahali ambapo jicho lolote lingefika kwanza:

*Kwa mama yeyote atakayesomewa hapa. Kila ulichomwambia kilifika.*